Ukumbi wa Mwaka Mmoja, Klabu za Karne: Msimu wa Kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika

Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake cha BAL, ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Kigali kuanzia Mei 16 hadi Mei 30, 2021, na katika siku hizo 15 klabu 12 kutoka nchi 12 za bara hili zilicheza michezo 26 ndani ya ukumbi mmoja, hadi Zamalek ya Misri ilipoifunga US Monastir ya Tunisia kwa pointi 76 kwa 63 na kutwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ingawa waanzilishi wake waliyaita mashindano hayo ligi, kwa mfumo wake yalikuwa kombe, yaani mashindano ambayo timu hugawanywa kwanza katika makundi, kisha zile zinazosonga mbele hukutana katika hatua ya mtoano ambamo anayefungwa mara moja hufungasha virago.

Afrika haikuwa ikianza kutoka patupu. Tangu miaka ya 1970 Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, yaani FIBA, lilikuwa likiendesha kombe la klabu bingwa za bara kupitia ofisi yake ya Afrika, na katika kombe hilo Primeiro de Agosto ya Angola ndiyo iliyotamba kuliko klabu nyingine yoyote, huku Zamalek yenyewe ikilitwaa mwaka 1992. Kilichokosekana ni fedha, matangazo ya televisheni yanayofika mbali, na ratiba ambayo mdhamini angeweza kuitegemea. Pengo hilo ndilo lililoileta NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ambayo Februari 2019 mjini Charlotte ilitangaza pamoja na FIBA kwamba zingeunda mashindano mapya ya klabu za Afrika, na miezi michache baadaye Amadou Gallo Fall wa Senegal akateuliwa kuwa rais wake. Fall hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwa kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa ameanzisha nchini kwake kituo cha SEED, kinachowalea vijana kwa elimu na mpira wa kikapu kwa pamoja, na tangu 2010 alikuwa akiiongoza ofisi ya NBA barani Afrika kutoka Johannesburg.

Mpango wa awali ulikuwa mashindano yaanzie Dakar Machi 13, 2020, yapite katika miji kadhaa ya Afrika, na hatua ya mwisho ichezwe Kigali. Siku chache kabla ya mchezo wa ufunguzi, janga la korona lilifunga viwanja na mipaka, na kila kitu kikaahirishwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Waandaaji waliporudi mezani, waliiacha safari ya mji hadi mji na kuchagua kambi moja iliyofungwa, ambayo wachezaji, makocha, waamuzi na watumishi waliingia baada ya kupimwa, wakaendelea kupimwa mara kwa mara, na wakaishi wakienda na kurudi kati ya hoteli na ukumbi bila kuchangamana na watu wa nje. Mfumo huo ulikuwa umejaribiwa na NBA mwaka 2020 huko Florida, lakini kwa klabu nyingi za Afrika, ambazo zimezoea mashindano yanayokatizwa na nauli iliyochelewa au ukumbi uliokataliwa saa ya mwisho, wiki mbili za kulala, kula, kufanya mazoezi na kucheza kwa ratiba isiyoyumba zilikuwa jambo geni na, kwa mtazamo wa mchezo wenyewe, zenye manufaa makubwa.

Ukumbi uliochaguliwa, Kigali Arena, ambao tangu 2022 unaitwa BK Arena, uko Remera jirani na uwanja wa Amahoro na una nafasi ya watu wapatao 10,000 walioketi. Kampuni ya Summa ya Uturuki, ambayo pia ndiyo iliyojenga Dakar Arena, iliusimamisha kwa muda usiofika mwaka mmoja, na ulizinduliwa Agosti 2019. Hakuna mji mwingine wa Afrika Mashariki uliokuwa na jengo la kiwango hicho wakati huo, na bila jengo hilo msimu wa kwanza usingechezwa katika ukanda huu. Sifa hiyo Rwanda inastahili kupewa bila kupunguziwa. Hata hivyo, mwendo wa mashindano ulionyesha kwa uwazi mkubwa kwamba ukumbi ni jambo moja na klabu ni jambo jingine, na kwamba la pili haliwezi kuharakishwa kwa zabuni.

Mabingwa wa nchi sita, ambazo ni Angola, Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia, walipewa nafasi za moja kwa moja, na nafasi sita zilizobaki zikapatikana kwa michezo ya mchujo iliyochezwa mwishoni mwa 2019. Timu zilizopita ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne. Kundi la kwanza lilikuwa na Patriots ya Rwanda, Rivers Hoopers ya Nigeria, US Monastir ya Tunisia na GNBC ya Madagascar. La pili Petro de Luanda ya Angola, AS Salé ya Morocco, FAP ya Cameroon na AS Police ya Mali. Na la tatu Zamalek ya Misri, AS Douanes ya Senegal, GS Pétroliers ya Algeria na Ferroviário de Maputo ya Msumbiji. Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini atauona muundo wa uchumi wa michezo barani, kwa sababu nyuma ya nyingi kati ya klabu hizo wamesimama waajiri wa umma: forodha ya Senegal, jeshi na polisi wa Cameroon, polisi wa Mali, jandarma ya Madagascar, reli ya Msumbiji, mashirika ya mafuta ya Algeria na Angola, na serikali ya Jimbo la Rivers. Mchezaji wa klabu ya namna hiyo mara nyingi ni mtumishi mwenye mshahara wa serikali, hivyo anapostaafu michezo habaki mikono mitupu. Ndiyo desturi ileile inayoendesha kikapu cha Afrika Mashariki, ambako klabu za bandari ya Mombasa, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania na jeshi la Rwanda zimewalea wachezaji kwa miaka mingi. Si haki kuudharau utaratibu huo, maana bila waajiri hao mchezo ungekuwa umekufa katika nchi nyingi, lakini udhaifu wake ni kwamba uhai wa timu hutegemea bajeti ya taasisi ambayo kazi yake ya msingi si michezo.

Kanuni za usajili nazo zilikuwa na uzito katika matokeo. Kila klabu iliruhusiwa wachezaji wa kigeni wasiozidi wanne, na kati ya hao wasiozidi wawili ndio wangeweza kutoka nje ya Afrika, ikimaanisha kwamba sehemu kubwa ya kikosi ilipaswa kuwa ya raia wa nchi husika. Nia ilikuwa kuzuia klabu tajiri kununua kikosi kizima Marekani au Ulaya Mashariki, ambako mawakala wana wachezaji wengi wanaotafuta kazi ya miezi miwili. Matokeo yake, nchi yenye ligi imara ya ndani ilikuja na wachezaji wanane au tisa wanaotegemewa, na nchi yenye ligi dhaifu ikaja na wageni wanne wazuri waliozungukwa na vijana waliozoea kukaa benchi. Katika mchezo wa dakika 40, uliogawanywa katika robo nne za dakika kumi kumi, wageni wanne hawawezi kubeba mzigo kila usiku kwa wiki mbili.

Mchezo wa ufunguzi ulizikutanisha Patriots na Rivers Hoopers, na wenyeji wakashinda kwa pointi 83 kwa 60. Habari iliyoenea duniani usiku huo, hata hivyo, haikuwa ushindi huo wala kazi ya nahodha Aristide Mugabe na Kenneth Gasana, bali dakika 18 alizocheza mwanamuziki wa Marekani J. Cole, aliyesajiliwa na Patriots siku chache baada ya kutoa albamu mpya. Alifunga pointi tatu, akadaka mipira mitatu iliyorudi baada ya mtupo kukosa, jambo ambalo wachezaji huliita ribaundi, na akatoa pasi mbili zilizozaa vikapu. Hizo ni takwimu za mchezaji wa akiba wa kawaida. Alicheza michezo mitatu, akafikisha jumla ya pointi tano, kisha akaondoka kabla ya hatua ya mtoano. Terrell Stoglin, Mmarekani wa AS Salé aliyemaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa wastani wa pointi 30.8 kwa mchezo, alilalamika hadharani kwamba msanii huyo alichukua nafasi ya mtu ambaye mpira wa kikapu ndiyo kazi yake ya kumlisha. Wengine walimjibu kwamba jina la Cole liliwavuta watazamaji ambao wasingejua kuwa mashindano hayo yapo. Hoja zote mbili zina ukweli, lakini ya Stoglin ndiyo yenye uzito zaidi katika nchi ambamo nafasi za kulipwa katika mchezo huu zinahesabika kwa vidole, na klabu yenye historia ndefu isingehitaji kuvuta watu kwa njia hiyo.

Hatua ya makundi ilipomalizika, timu mbili za juu za kila kundi pamoja na washindi wa tatu wawili walio bora ziliingia robo fainali. Rivers Hoopers ndiyo iliyokuwa timu ya tatu iliyoachwa nje, na iliaga ikiwa bingwa pekee kati ya mabingwa sita walioingia moja kwa moja aliyeshindwa kufika hatua hiyo. Katika robo fainali Patriots iliponea kwenye tundu la sindano dhidi ya Ferroviário, ikishinda kwa pointi 73 kwa 71, na kwa ushindi huo ikawa timu pekee iliyotoka katika michezo ya mchujo kuingia nusu fainali. Wengine watatu walikuwa Zamalek, Monastir na Petro.

Ndipo Mei 29 Patriots ilipokutana na Monastir na kufungwa 87 kwa 46. Tofauti hiyo ya pointi 41 inahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu haikuwa ajali ya usiku mmoja. Pointi 46 katika robo nne ni wastani usiofika 12 kwa kila robo, na kwa kuwa kila timu ina sekunde 24 za kutupa mpira kikapuni kabla ya kupokonywa, ni lazima ipate nafasi nyingi za kushambulia katika kila robo; timu inayofunga kidogo namna hiyo ni timu iliyozuiwa kufika mahali inapopataka, ikalazimika kutupa kutoka mbali na kwa haraka. Watunisia walicheza pamoja kama watu waliofanya mazoezi hayohayo kwa miaka, wakipokezana wachezaji bila kushuka kiwango. Siku iliyofuata, katika mchezo wa kuwania nafasi ya tatu, Petro iliifunga Patriots 97 kwa 68, na wenyeji wakamaliza wa nne. Kwa klabu iliyoanzishwa mwaka 2014, nafasi ya nne barani ni mafanikio ya kweli, na wachezaji wake walistahili makofi waliyopigiwa.

Fainali ilichezwa saa 24 tu baada ya nusu fainali, na Zamalek, iliyokuwa imeitoa Petro kwa 89 kwa 71, iliingia ikiwa chini ya kocha Mhispania Agustí Julbe. Monastir iliyokuwa imefunga pointi 87 jana yake ilikwama kwenye 63. Nguzo ya ulinzi wa Wamisri ilikuwa Anas Osama Mahmoud, mchezaji mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.1 aliyesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Louisville nchini Marekani, ambaye alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mashindano. Kazi ya mtu wa urefu huo haipimwi kwa mitupo anayoizima peke yake, bali pia kwa ile ambayo wapinzani hawathubutu kuijaribu, maana mshambuliaji akijua kuwa mkono huo unamngoja karibu na kikapu, hugeuka na kurudisha mpira nje hata pale njia inapoonekana wazi. Upande wa mashambulizi uliongozwa na Walter Hodge, mzaliwa wa Puerto Rico, ambaye alitajwa kuwa mchezaji bora wa msimu. Hodge alikuwa mmoja wa wageni walioruhusiwa kwa kanuni, na tofauti kati yake na wageni wa timu nyingine ni kwamba alizungukwa na raia wa Misri ambao kila mmoja angeweza kuanza katika timu nyingi kati ya zile 12.

Umri wa klabu tatu za juu unaeleza mengi kuhusu jedwali la mwisho. Zamalek ilianzishwa 1911, US Monastir 1923, na Petro de Luanda, iliyo changa kuliko hizo, 1980. Zote tatu ni klabu za michezo mingi, zenye timu za soka zinazofahamika, wanachama au washabiki wanaorithishana mapenzi, na zote hucheza katika nchi ambazo ligi ya kikapu huendeshwa kwa msimu mzima na ambazo timu zao za taifa zimewahi kuwa mabingwa wa Afrika. Mtoto anayejiunga na klabu ya aina hiyo akiwa na miaka 12 huwakuta hapo makocha wa umri wake, viwanja, na watu waliopita njia hiyohiyo kabla yake. Fedha za NBA zilikuja kuupamba mti uliokwisha kumea.

Fedha hizo nazo hazikuwa kidogo. Msimu ukiwa bado unaendelea, mnamo Mei 24, NBA ilitangaza kuundwa kwa kampuni ya NBA Africa, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja, ambamo miongoni mwa wawekezaji walikuwamo Dikembe Mutombo wa Kongo na Luol Deng wa Sudan Kusini, wachezaji wa zamani ambao maisha yao yenyewe yanaonyesha namna vipaji vya ukanda huu vilivyolazimika kukulia mbali na nyumbani. Serikali ya Rwanda ilidhamini kupitia nembo yake ya utalii na shirika lake la ndege. Udhamini wa serikali, hata hivyo, huja na siasa zake, na jambo hilo lilidhihirika mwaka 2024 mjini Pretoria, pale Dynamo ya Burundi ilipokataa kuvaa jezi yenye nembo ya utalii ya Rwanda, wakati nchi hizo mbili zikiwa katika mgogoro na mpaka wao umefungwa, ikapoteza michezo miwili bila kucheza na kuondolewa. Wachezaji waliopigania nafasi hiyo kwa jasho lao walirudi nyumbani kwa sababu isiyohusiana na uwezo wao, na hilo ni jambo la kusikitisha ambalo waandaaji walipaswa kuliona mapema.

Misimu iliyofuata haikubadilisha mpangilio wa nguvu kwa upande wa mabingwa: US Monastir ilishinda mwaka 2022 kwa kuifunga Petro katika fainali, Al Ahly ya Misri ikatwaa 2023, Petro ikafuata 2024, na Al Ahli Tripoli ya Libya ikachukua 2025 katika fainali iliyochezwa Pretoria. Kilichobadilika ni upana wa ushiriki. Espoir Fukash ya Lubumbashi ilifika mwaka 2022, City Oilers ya Kampala mwaka 2023 ikiwa klabu ya kwanza ya Uganda, na Nairobi City Thunder mwaka 2025 ikiwa ya kwanza ya Kenya. Kwa Tanzania, nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka 2009, misimu mitano ya kwanza ilipita bila klabu yake hata moja kufika hatua kuu ya mashindano.

Mashirikisho ya kikapu ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo yana sababu ya kuusoma upya msimu ule wa Kigali, na wizara za michezo vilevile, hasa sasa ambapo kila mji mkubwa wa ukanda huu unatamani ukumbi wa kisasa. Nyumba hizo zijengwe, kwa kuwa zinahitajika. Lakini katika bajeti ileile iliyotengwa kwa saruji na taa, itengwe sehemu ya ligi inayochezwa kwa miezi minane badala ya miwili, ya waamuzi wanaolipwa kwa wakati, ya makocha wa watoto wa shule za msingi, na ya timu za vijana wa chini ya miaka 14 na 16 ndani ya kila klabu inayoomba kusajiliwa katika daraja la juu.